Ng'ombe wa Baba kwenye Programu ya Pélagie

Nitasema wazi nisije nikaonekana mnafiki: nilimwonea Pélagie wivu tangu wiki ya kwanza ya mafunzo ya kompyuta pale Misiera, ndani ya kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale. Mama yake anauza ndagala, wale samaki wadogo wakavu, naye alikuja darasani ananuka ndagala, akakaa mbele, akauliza yale ambayo mimi nisingethubutu. "Na kisha, Madamu? Ikifika hapo inafanya nini?" Darasa lilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikarudi nyumbani na kinyongo, kwa sababu kila alipouliza alielewa.

Nafasi ilikuwa moja tu. Mmoja wetu angekwenda kusoma miezi sita Nyamitanga, mjini Mbarara, alale huko na arudi na cheti. Nina miaka ishirini na mitatu, na tangu tutoke Kongo sijawahi kulala nje ya Nakivale. Niliitaka nafasi ile mpaka chakula kikawa hakipiti.

Mwalimu wetu, Madamu Kyomugisha, alitupa wiki mbili za kujiandaa kwa mtihani. Kila mmoja aandike orodha ya vitu anavyovijua vizuri, kisha atunge programu ya kuipitia orodha hiyo kimoja kimoja, tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa kila kimoja programu iamue: kama hali ni hii, fanya hivi, la sivyo, fanya vile. Nilifurahi peke yangu. Mimi nilikuwa na ng'ombe.

Siku hizi baba yangu, Ezira, analima maharage, lakini kule milimani alikuwa mfugaji hasa. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Jioni alisimama mlangoni mwa zizi, akawataja majina wakiingia mmoja mmoja: Bihogo, Gaju, Gitare, Bugondo. Aliyekosekana alijulikana papo hapo. Siku Gaju alipokosekana, mimi nikiwa bado mchanga, baba aliwaacha wengine wote akaingia msituni, akarudi naye. Nimekua na habari hiyo, na darasani hakuna asiyeijua, maana niliwachosha nayo. Programu yangu ikawa ndiyo hiyo: ita jina, kama ng'ombe yupo, mwingize, kama hayupo, piga kelele.

Siku mbili kabla ya mtihani nikamkuta Pélagie uani kwetu, amekalia kigoda changu. Baba alikuwa anamchorea pembe za ng'ombe chini kwa kijiti, anacheka, anamwita mwanangu. Mimi hajawahi kunichorea hata ukwato. Mtoto wa ndagala, asiyejua kumfunga hata ndama, amekuja kuchukua ng'ombe zangu! Nilipita bila kusalimu, nikafunga mlango kwa nguvu ili wasikie.

Mtihani ulifanyika Nyamitanga, asubuhi. Madamu aliketi mbele ya kompyuta yangu, akaangalia majina, kisha akaweka alama kuwa ng'ombe wawili hawapo: Gaju, wa pili, na Bugondo, wa mwisho. Akaiendesha. Programu ikamwingiza Bihogo, ikaandika kwa herufi kubwa kwamba Gaju hayupo, ikanyamaza.

"Na ile ingine?" Madamu akauliza. "Bugondo pia hapana iko. Mbona hii yako imenyamaza?"

Nilikuwa nimeweka amri ya kusimama. Nilipoandika sikuiona kuwa kosa hata kidogo.

"Mwenye ngombe akikosa moja anaacha zote, Madamu. Anaenda kuitafuta. Baba alifanyaka vile."

Madamu alicheka, bila ubaya. "Wewe nafikiri kama muchungaji. Lakini kompyuta hapana enda porini. Ile ngombe imebaki nyuma, nani naangalia?"

Nikamgeukia Pélagie. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mimi nikajua anaficha kicheko. Programu yake, yenye ng'ombe wale wale wa baba, ilipiga kelele kwa Gaju, ikaendelea na Gitare, ikafika kwa Bugondo, ikapiga kelele tena, ikaisha. Nafasi akapewa yeye. Watu wakapiga makofi. Yangu yalikuwa mawili.

Nilifika nyumbani jua lingali kali, na sikungoja hata kunywa maji.

"Baba, ngombe zetu umempa Pélagie. Sasa anaenda nazo Mbarara."

Baba alikuwa anapura maharage. Akaweka fimbo chini. "Aliniuliza, mwana wangu. Nilimwambia namna niliacha zote juu ya Gaju, akasema: na kisha, papa?"

"Kisha ulimupata. Najua."

"Nilimupata." Akazoa maharage kwa kiganja. "Kurudia, nilikuta fasi ya ngombe iko wazi. Benye kuiba balikuwa bameshabeba zingine zote. Bihogo, Gitare, Bugondo, zote. Juu ya moja."

Miaka yote nilidhani vita tu ndivyo vilivyotumaliza.

"Mbona miye hukuniambia?"

"Ulikuwa unanisifu mbele ya batu. Ningekuambia namna gani? Yule ni mutoto wa jirani, mbele yake haya ni kidogo. Nilimuomba asikuambie, akakubali."

Nikakumbuka kile kichwa kilichoinama Nyamitanga, wakati mimi najigamba mbele ya Madamu. Pélagie angeweza kunifunga mdomo kwa sentensi moja, na hakuisema.

Nikatoa simu, nikafungua nakala ya programu yangu, nikaifuta amri ya kusimama. Nikaweka alama kwamba hakuna ng'ombe aliye zizini isipokuwa Gaju, kisha nikamsomea baba, maana hajui kusoma. Bihogo hayupo. Gaju yupo. Gitare hayupo. Nilisoma polepole hadi kwa Bugondo, na baba alisikiliza jina baada ya jina, mkono juu ya maharage.

"Njo vile ilikuwa," akasema.

Pélagie anaondoka Jumatatu. Nitambebea begi hadi barabarani, na wivu bado ninao, siwadanganyi. Ila Mbarara naweza kuisamehe. Kinachoniuma ni kwamba miaka yote nililala nyumba moja na baba, na aliyekuja kumuuliza "na kisha?" akawa yeye.