Dumu la Mafuta ya Kufumia

Radhia aliweka nadhiri mbele ya mumewe: siku mafuta ya mashine yatakapoisha, mashine nayo iondoke. Ilikuwa mashine ya kufumia masweta, nayo ilijaza nusu ya chumba cha uani, nyuma ya duka lao mjini Karatu. Zamani baridi ya huku juu ilimpa kazi. Kila shule ilitaka masweta yake. Siku hizi shule huagiza ya kiwandani kutoka Arusha. Lililobaki ni dumu la mafuta maalumu, meupe kama maji, yasiyotia doa kwenye uzi.

Ashrafu, mumewe, alikitaka chumba kile aweke magunia ya maharage. Aliikubali nadhiri bila ubishi. Radhia naye, ambaye hakutaka mashine imtoke, alijipa moyo kwamba mafuta yasiyo na kazi hayaishi.

Lakini watu wakaanza kuja. Alikuja kinyozi, mashine zake za kunyolea zinakwama. Akaja Naishorua, Mmaasai anayetunga shanga na kuwauzia watalii Ngorongoro, akalalamika kwamba ukungu wa kule unautia waya wake kutu.

"Kidogo tu, mama Asmaa. Nikipaka mafuta ya kondoo, wazungu wanaziba pua."

"Na ninyi je?"

"Sisi tunasikia harufu ya nyumbani. Ila wao ndio wanunuzi!"

Radhia alicheka, akammiminia. Utamnyimaje jirani kitu usichokitumia? Hata hivyo, kila alipofunga kifuniko aliliona dumu limekuwa jepesi zaidi, na moyo wake ukazidi kuwa mzito.

Jumamosi akafika rafiki yake Natalia, kutoka kijiji cha Qurus, na chupa mkononi. Kufuli la banda lake la kuku lilikuwa limegoma.

"Shemeji amesema mafuta yamekujaa ndani, yanakusumbua."

"Shemeji yupi?"

"Si Ashrafu! Ukinunua hata kiberiti, anakuambia pitia uani ukachukue mafuta." Natalia aliutazama uso wa mwenzake. "Jamani, nimeharibu?"

"Hapana, dada. Lete chupa."

Alipoondoka mgeni, Radhia aliingia dukani. Ashrafu alikuwa akipima sukari.

"Baba Asmaa, kumbe ni wewe unayenimalizia mafuta."

Hakukana. Aliiweka sukari chini.

"Kila asubuhi unaifuta ile mashine vumbi, mama, kisha unatoka macho mekundu. Nilichoka kuyaona."

"Ungeniambia tu."

"Nimekuambia mara ngapi?"

Radhia aliketi juu ya gunia. Alikuwa ametayarisha hasira tangu uani, lakini alipoipapasa moyoni alikuta uchovu mtupu: uchovu wa kufuta vumbi, uchovu wa kungoja shule zisizorudi.

Alirudi chumbani. Mafuta yalikuwa yamebaki chini kabisa ya dumu. Angeweza kuyaficha, na nadhiri ingemlinda miaka mingine mingi. Badala yake alilitungua tambara ukutani, akazifuta sindano za mashine na kuzidondoshea mafuta moja baada ya nyingine, akakivuta kishikio chake huku na huku mpaka mlio wa kukwaruza ukatulia.

Ashrafu alikuja akasimama mlangoni.

"Mbona unaipaka? Si inaondoka?"

"Haitaenda kwa watu wengine ikiwa kavu, waje waseme niliitesa." Alilipindua dumu, likatoa tone la mwisho. "Shika upande huo, tuisogeze mlangoni."

Akashika.