Siku Thelathini za Faili la Baba

Kompyuta iliniuliza kama nina uhakika. Nilitoa mkono kwenye kipanya, nikaenda kunawa, ingawa mikono ilikuwa safi.

Mwezi mmoja kabla, baba alilazwa na homa ya mapafu, akiwa hajiwezi hata kusema. Daktari akaniuliza mimi, mwanawe wa pekee: mzee anavuta sigara? Anafuga ndege? Nilijibu hapana, hapana, kama mtu anayejua. Nilikuwa sijakanyaga kwake mwaka mzima.

Dawa walizompa hazikufua dafu. Wakachota maji kidogo mapafuni mwake, wakayaleta kwenye maabara yetu tuyasome vinasaba, tujue ni kidudu gani kinachommaliza. Wenzangu walikuwa likizo. Kazi ikaniangukia.

Kabla ya kuwasha mashine nilipita wodini. Siku hiyo alikuwa na pumzi kidogo.

"Hiyo mashine yako itaniona?"

"Itakuona wewe kuliko chochote, baba. Karibu vinasaba vyote kwenye yale maji ya mapafu ni vyako. Kwa hiyo tunakutoa kwanza, tunakuweka kando, ndipo tunamtafuta mdudu."

"Kando wapi?"

"Kwenye faili. Siku ya thelathini tunalifuta. Ndiyo sheria."

Alicheka mpaka akapaliwa. "Mama yako angalau alinivumilia miaka arobaini."

Kesho yake saa sita mchana mdudu akajitokeza: bakteria anayetoka kwa ndege. Dawa yake ni vidonge vya kawaida kabisa, vimejaa kwenye kabati la wodi. Nilipiga simu mbio mbio. Akapokea muuguzi.

"Pole, dada. Mzee ametutoka saa nne."

Baada ya mazishi nilizunguka nyuma ya nyumba yake, nikakuta njiwa kumi na mmoja.

"Aliwaleta mwaka jana," jirani aliniambia. "Alisema nyumba imekuwa kimya mno. Sasa tuwachinje?"

Nilimwomba awaache kwanza. Niliona aibu, na sijui kama imewahi kuniisha.

Siku thelathini zilipotimia nikakaa mbele ya lile faili. Baba alikuwemo herufi kwa herufi, na nusu yangu ilitoka mle mle. Niliporudi kutoka kunawa, swali lilikuwa bado linanisubiri. Nikabonyeza "Ndiyo".

Kisha nikachukua glavu na barakoa mbili, yangu na ya jirani, nikafunga maabara, nikaenda kuwapa njiwa mtama.