Bando la Bibi Oktavia
Bibi Oktavia aliacha simu yake ichajiwe kwenye kompyuta ya Benno, mpiga chapa wa mtaa wa Ramadhani. Intaneti ya duka ilikuwa imekatika na mteja alikuwa akisubiri picha zake zitumwe. Benno akatumia intaneti ya simu ile, kupitia waya uleule wa kuchajia, bila kuomba.

Bibi alirudi akitaka kumtazama kwa video kitukuu wake akibatizwa huko Makambako. Video haikufunguka, bando la intaneti lilikuwa limekwisha.

"Labda nimebonyeza vibaya, mjukuu wangu."

Benno alishindwa kumtazama usoni. "Nimelitumia mimi, bibi."

Alikimbia kununua vocha. Video ilipofunguka, mtoto alikuwa ameshabatizwa. Bibi alimshukuru hata hivyo, na shukrani hiyo ikamchoma zaidi.