Msumeno wa Mtu Mmoja

Kwa miaka kumi na sita Iddy alikuwa chini na mimi juu. Sisemi hivyo kwa majigambo. Ndivyo kazi ya kupasua mbao kwa mkono inavyopangwa: gogo linapandishwa kwenye jukwaa la miti, mmoja anasimama juu yake, mwingine chini, na msumeno mrefu unakwenda kati yao. Wa juu anafuata mstari. Wa chini anavuta, anakula vumbi, na jioni ndiye anayekaa na tupa kunoa meno. Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya soko la Majengo, na mteja akiuliza kazi ni ya nani, aliambiwa ni ya Damas na Iddy.

Mwaka tisini na nne biashara ilikuwa imeshafunguliwa, na malori yakawa yanashusha mbao za msonobari kutoka Iringa, zimenyooka na zimepangwa. Wateja wetu wengi walikuwa watumishi wa ofisini waliokuwa wakijenga Miyuji, na mtumishi akishaanza kujenga hataki kuambiwa asubiri wiki tatu. Iddy alisema watarudi tu, mninga ni mninga. Mimi sikumwona hata mmoja akirudi.

Ndipo nikasikia kwamba mradi mmoja wa misitu upande wa Kongwa umefungwa na vifaa vyake vitauzwa kwa mnada. Kati ya vifaa hivyo kulikuwa na chenso, msumeno wa injini. Wiki hiyo hiyo Iddy alikwenda Kondoa kumzika mama mkwe wake. Ningeweza kumngoja, wala mnada haukuwa na haraka, maana ulikuwa wa wiki mbili. Sikumngoja. Chenso inashikwa na mtu mmoja, na mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani kwamba mtu huyo ni mimi. Iddy angekwenda wapi, hilo nililiweka kando kama mtu anavyoweka kando barua asiyotaka kuifungua.

Ilikuwa chenso ya zamani kuliko ndoa yangu. Rangi ilikuwa imebanduka, kamba ya kuwashia ilikuwa imekatika na kufungwa fundo, na bapa lake, kile chuma kirefu ambacho mnyororo wa meno unakizunguka, lilifika kifuani kwangu nikilisimamisha. Mlinzi wa mradi aliniambia ilikuwa ikiangusha miti tangu alipoajiriwa. Nilifurahi kusikia hivyo, nikaona nimepata mashine yenye uzoefu. Nilitoa fedha nilizokuwa nimeweka za kununulia bati, nikaipakia juu ya basi.

Majengo nilimpelekea Anthony, fundi wa pikipiki. Aliifungua yote, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akazibua kitundu kinachopitisha oili ya kulainisha mnyororo. Alinifundisha kuchanganya petroli na oili, akanionya kwamba nikisahau oili nitaiua injini kwa siku moja. Mara ya saba kuvuta kamba ikawaka. Soko lote likageuka kutazama, na mimi nikasimama pale kifua mbele, peke yangu.

Kwa mchomeleaji nilitengenezewa fremu ya vyuma vya kitanda kibovu, yenye mpini upande wa injini, nitakaposimama mimi. Chenso inafungwa humo, na fremu inateleza juu ya ubao ulionyooka uliopigiliwa misumari juu ya gogo, ili kila mbao itoke na unene ule ule. Jukwaa halikuhitajika tena. Gogo linalala chini na mpasuaji anasogea nalo. Niliweka gogo la mninga la mama mmoja aitwaye Yasinta, karani, aliyetaka mbao za milango ifikapo Jumamosi. Nilimwambia Jumamosi ni mbali, aje Alhamisi.

Alhamisi sikuwa na hata mbao moja. Injini ilinguruma vizuri, lakini msumeno haukwenda. Niliusukuma kwa tumbo, kwa mapaja, kwa hasira. Mnyororo ulitoa moshi, na badala ya kutema maranda ulitema unga laini, ule wa kuingia puani. Tena ncha ya bapa ilikuwa ikipanda na kushuka upande wa pili, nisikoweza kuiona, hata kile kipande nilichopasua kikawa na tumbo. Anthony akaja, akasikiliza, akasema injini imechoka. Akaifungua tena, akaifunga tena. Unga ukatoka ule ule.

Ijumaa baada ya swala Iddy akatokea uwanjani. Alikuwa amekonda kidogo kwa msiba. Nilizima injini, nikampa pole, naye akasema wameshapoa. Kisha akatazama jukwaa letu, nililokuwa nimelivunja nikatumia miti yake kuzuia gogo lisibingirike. Akatazama chenso.

"Hii ya nani?"

"Yetu," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe. Iddy alichuchumaa, akapitisha kidole gumba kwenye meno ya mnyororo, moja, la pili, la tatu, akachota ule unga akausugua mkononi.

"Damas, haya meno ni ya kukatia mti. Yamelazwa. Unapasuaje na meno yaliyolazwa?"

Niliona aibu ambayo hata leo nikiikumbuka masikio yanapata moto. Kila mpasua mbao anajua hilo. Msumeno wa kukata gogo vipande, meno yake yanalazwa, yaani yananolewa kwa mshazari. Wa kupasua mbao kwa urefu, meno yananyooshwa. Nimelala na elimu hiyo miaka kumi na sita. Lakini nilipoona injini niliiamkia shikamoo, nikaipeleka kwa mtu wa injini, nikasahau kwamba kinachokata ni msumeno. Mlinzi alikuwa ameniambia kwamba inaangusha miti, nami nikafurahi.

"Nilidhani ya mashine ni mambo mengine," nikasema.

"Jino ni jino," akasema Iddy. "Nipe tupa ya mviringo."

Alikaa juu ya gogo mpaka alasiri ikapita. Alinoa kila jino kwa kunyoosha mkono sawasawa, bila kuulaza, akisimama mara moja tu kwenda kuswali. Sikuwa na la kufanya. Nilichemsha chai, nikaimimina, ikapoa. Nilimtazama akinoa, na nilijua kwamba kila jino analolinyoosha linamsogeza yeye nje ya uwanja. Naye alijua, si mtoto. Nilitaka aache. Nilitaka pia amalize upesi.

Tulipowasha, maranda yalitoka marefu, ya kujikunja, yakaangukia viatu vyangu. Mbao ya kwanza ilitoka kabla jasho halijanikauka, kazi ambayo mimi naye tungeifanya nusu siku. Iddy alizunguka gogo, akainama, akatafuta mahali pa kusimama. Hapakuwa na mahali. Akasimama kando na mikono nyuma, kama mteja.

Nilipozima, akasema, "Ulisema ni yetu. Nusu yangu ni ipi?"

Niliinama nikapangusa maranda viatuni. Iddy akachukua spana iliyokuwa chini, akalegeza nati mbili, akautoa mnyororo kwenye bapa. Akauviringisha, akauweka kwenye mfuko wake wa plastiki pamoja na tupa.

"Basi nusu yangu hii," akasema, akaondoka.

Nilimkasirikia, tena sana. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikimsema peke yangu, chenso isiyo na meno begani. Nilifikiri kumtuma utingo wa basi aniletee mnyororo mwingine kutoka Dar. Ungefika Jumatatu, ningeunoa mwenyewe, sasa nimeshaona unavyonolewa, na mambo yangeishia hapo. Nilikuwa nimeshachagua hata utingo wa kumtuma. Ndipo nikaona kwamba hii ni mara ya pili napanga mambo ya Iddy wakati Iddy hayupo.

Jumamosi asubuhi nilibeba chenso na fremu yake mpaka Makole, nikabisha. Mkewe Mwamvua alifungua, akaitazama ile mashine, akanitazama mimi.

"Karibu, shemeji," akasema, lakini hakusogea upesi kunipisha.

Iddy alikuwa ameketi uani, mnyororo magotini, akirudia meno machache. Niliiweka chenso mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, nikayaacha yote.

"Niliinunua ili nifanye kazi peke yangu. Nilisubiri uende msibani ndipo nikaenda mnadani. Niliposema ni yetu, nilidanganya."

"Najua."

"Ulijua tangu lini?"

Aliweka tupa chini. Akaivuta fremu karibu, akaigeuza mpaka upande wa ncha ya bapa ukawa kwake, ule upande wa pili wa gogo, ambako ubao wangu ulikuwa umetoka na tumbo. Akaweka kiganja juu ya chuma kitupu.

"Tangu nilipoiona hii. Ulichomelewa mpini mmoja tu, Damas."

Mwamvua alileta chai vikombe viwili, akaviweka kati yetu. Tulikunywa. Iddy alipomaliza, alisimama akachukua mnyororo wake.

"Beba," akaniambia. "Mchomeleaji anafungua saa mbili."

Nilibeba.