Mtu Ndani ya Chungu

Hivi wewe umewahi kukiogopa chungu? Sisemi chungu cha moto, wala chungu kilicholaliwa na nyoka. Nasema kijichungu cha udongo mbichi, saizi ya ngumi, kimewekwa juu ya meza mchana kweupe na watu wanapita.

Mie nilikiogopa mpaka mate yakanikauka.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tano, Temeke, kwenye wodi ndogo ya wagonjwa wa akili ambayo siku hizi haipo tena. Mie Somoe binti Salumu nilikuwa mhudumu: nagawa uji, nafua mashuka, nasugua sakafu kwa sabuni ya mche na brashi ya makumbi ya nazi. Niliishia darasa la nne, likanitosha kusoma majina kwenye vitanda.

Mwaka huo aliletwa nesi mmoja akiitwa Auleria, Mhaya, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi mweusi upande wa sikio la kulia. Alikuwa ametoka kusomea kutibu watu kwa udongo, rangi na ngoma. Kila Jumanne alituketisha wahudumu barazani, tufinyange kwanza sie wenyewe. Mwenzangu Gregori, pande la mtu, akafinyanga andazi.

"Sista, hili nalo litamponya nani?"

"Litakuponya wewe, mwenye njaa tangu asubuhi."

Tukacheka. Lakini masharti yake hayakuwa ya kuchekea. "Alichofinyanga mgonjwa, usimwambie wewe ni nini. Usikivunje, hata kikikuchukiza. Muulize kinasema nini, kisha nyamaza. Hesabu moyoni mpaka thelathini ndipo ufungue mdomo tena." Mie nilizoea tasbihi, kwa hiyo yangu ilikuwa thelathini na tatu.

Basi kitanda cha saba alilala Marselino, Mmakonde wa Newala, mchonga mpingo aliyehamia kijiji cha ujamaa kule Kibamba. Askari walimkuta kituo cha mabasi ya kusini. Alikuwa amekaa pale siku tatu, tiketi ya Newala imo mfukoni, mabasi yanakuja na kuondoka, yeye hapandi. Wala haongei. Wodini akamaliza wiki tano bila neno. Alikuwa na chale usoni, na akikutazama hapepesi. Nilikuwa nikimpa uji naweka bakuli mbali, nalisukuma kwa kidole.

Auleria alipomwekea udongo, akaanza. Kila siku chungu kilekile: kirefu, chembamba, mdomo mdogo. Ndani anashusha kimtu kimenyoosha mikono juu. Halafu anamimina udongo laini mpaka kimtu kinafunikwa, anasawazisha kwa dole gumba, polepole, kama mtu anayefumba jicho la maiti.

"Weye Somoe," Gregori akaninong'oneza, "huyo anafunga mtu humo. Kwetu ukiona sanamu imezikwa chunguni, ujue kuna mtu mahali anakauka."

"Mtu gani?"

"Mie nitajuaje? Nani anamsukumia uji kwa kidole kama mbwa?"

Alikuwa anatania, lakini mie nilimwamini. Wiki hiyohiyo kifua kikaanza kunibana. Nikipumua, kama nimefunikwa na kitu. Nikilala naona mikono yangu imenyooshwa juu.

Jumatatu sikustahimili. Alipokuwa anasawazisha, nikampokonya chungu. Akanishika kifundo cha mkono. Alinishika tu, hakunipiga, na vidole vyake vilikuwa vya baridi kwa udongo. Nikapiga kelele wodi nzima ikasimama. Gregori akaja mbio, akamwangusha, akamfunga mikono kwa shuka. Mie nikakimbia na kile chungu mpaka chooni, nikakitumbukiza shimoni.

Gregori akaandika kwenye daftari: kitanda cha saba kampiga mhudumu. Daktari akaniuliza, "Ni kweli?" Nikatikisa kichwa kukubali. Marselino akaandikwa kwenye orodha ya gari la Ijumaa. Gari lile lilikuwa likipeleka wagonjwa wakali bara, kwenye jengo lenye ukuta mrefu. Katika miaka yangu yote pale, niliwaona wanaopanda. Anayeshuka sikumwona.

Chungu nimetupa, kifua bado kinabana. Jumatano nikaenda zahanati, tabibu akaniwekea mpira wa kusikilizia mgongoni, akasema, "Binti, una homa ya mapafu," akanichoma sindano. Kufika jioni kifua kimeanza kulegea. Ndipo hofu nyingine ikaniingia, mbaya kuliko ile ya kwanza: mtu anapelekwa kule kwa kichwa changu nilichotikisa.

Alhamisi asubuhi nikamwendea Auleria, nikamweleza yote. Hakunibembeleza.

"Daktari anaamini daftari. Nitamwambia, lakini atasema unamhurumia tu. Wewe ulimuuliza Marselino kile chungu kinasema nini?"

"Hapana, Sista."

"Nenda kamuulize."

"Naogopa."

"Hata mie ningeogopa. Kaa karibu na mlango."

Nilikaa mezani saa nane mchana, jua limeingia mpaka kwenye miguu ya kitanda. Gregori alisimama dirishani na shuka lake limesokotwa tayari. Marselino aliletwa, alama nyekundu bado ziko mikononi. Hakugusa udongo. Tangu Jumatatu alikuwa hajaugusa.

"Shikamoo, kaka," nikasema. "Chungu chako nilikitupa mimi. Chooni. Na wewe hukunipiga. Nilisema uongo."

Gregori akaguna dirishani.

Nikachukua udongo, nikaanza kukifinyanga kile chungu upya. Kikatoka kipana, kimelala upande kama kata mbovu. Akakiangalia. Nilidhani atakivunja, au atanivunja mie. Akakichukua, akakibana kwa viganja mpaka kikawa chembamba, kirefu. Akasokota kimtu, akakinyoosha mikono, akakishusha. Akaanza kumimina. Nilitaka kukimbia. Nilishika ubao wa benchi kwa nguvu mpaka kibanzi kikanichoma kidoleni.

"Huyu anasema nini, kaka?"

Nikanyamaza. Moja, mbili, tatu. Nilisikia nzi, nikasikia Gregori anavyopumua. Thelathini na tatu ikafika, hakuna kitu. Mdomo unaniwasha. Nikaanza tena moja. Nilikuwa nimefika kumi na tisa.

"Hasemi," akajibu. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango wa bati. "Udongo umemjaa mdomoni."

Nikauachia ubao wa benchi.

"Ni nani?"

"Nikodemu. Mdogo wangu. Tulikuwa tunachimba kisima cha kijiji, yeye chini, mie nimeshika kamba. Kikaporomoka." Akasawazisha kwa dole gumba. "Tumemzika Kibamba. Mama yuko Newala, hajui. Bado anamtumia korosho kwa watu wa basi."

Gregori aliliacha shuka likaning'inia. Auleria alikuwa mlangoni, sikujua tangu saa ngapi. Aligeuka na daftari kwapani, nikasikia viatu vyake vinakwenda haraka kwenye chumba cha daktari, kuomba jina lile lifutwe kwenye orodha ya Ijumaa.

Mie nilibaki na Marselino. Sikuwa na hofu ya mikono yake tena. Niliogopa kitakachotoka mdomoni mwake. Hata hivyo nikamuuliza.

"Kule kituoni, kaka, siku tatu zile. Ulikuwa unataka nini?"

Sikuhesabu safari hii. Alifunika mdomo wa chungu kwa kiganja, akakaa hivyo mpaka jua likahama kwenye meza.

"Nilitaka mama aambiwe," akasema. "Nilitaka tu nisiwe mie wa kumwambia."