Lubunga Uani Kwetu

Mama alipofariki, mimi na kaka yangu Fabien tuligombana juu ya baba. Fabien analima mihogo Lubondja, kijijini kwetu, na alitaka baba abaki pale karibu na kaburi la mama. Mimi nimeolewa mjini Baraka, nikataka aje huku nimtunze mwenyewe. Baba, mzee Déogratias, alitusikiliza huku akipangusa kofia yake, kisha akasema atakuja kujaribu Baraka wakati Fabien anaezeka upya nyumba yake. Siku Fabien atakapomfuata, yeye mwenyewe atatuambia ataishi wapi, na hakuna atakayeongeza neno.

Basi nilikuwa na wiki chache za kumshinda Fabien. Nilimpa baba chumba chenye dirisha linalotazama ziwa. Mezani nilitandika kitambaa cha harusi yangu. Mume wangu Roger hutengeneza pikipiki kando ya barabara na hula hukohuko, kwa hiyo adhuhuri baba aliketi peke yake kama askofu: samaki wa kukaanga, bugali ya moto, sombe ya majani ya mihogo yenye mawese. Alimega matonge mawili, akashukuru, akainuka. Kesho yake nikaongeza samaki. Keshokutwa nikachinja kuku. Kadiri nilivyoongeza, ndivyo alivyopunguza. Nilianza kuogopa, maana ugonjwa wa mama nao ulianza hivyo, kwa kukataa chakula.

Siku moja, sahani yake ikiwa imerudi karibu nzima, nilikwenda kumwambia Roger tumpeleke hospitali. Kufika kwenye kituo cha pikipiki, nikamkuta mgonjwa wangu amechuchumaa katikati ya vijana wanaobeba abiria, mikono yao yote ndani ya sahani moja ya bugali na ndakala, vile visamaki vikavu vya ziwani. Mdomo wake ulikuwa umejaa. Alikuwa anawasimulia alivyokimbizwa na nyuki siku aliyokwenda kuposa, na kijana mmoja, Dany, alicheka mpaka akapaliwa.

Roger alikuwa anajua tangu wiki ya kwanza. Alisema hakuona ugonjwa wowote pale. Zamani vijana wale walikula mandazi, kila mmoja juu ya pikipiki yake. Ni baba aliyewaambia wachangie sahani moja na wakae chini.

Njiani kurudi nikamlalamikia baba kwamba majirani watasema namnyima chakula. Akasimama. Huwa ananiita mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake.

"Mama, kwako chakula iko mingi. Bantu ya kukula nabo njo hakuna. Tangu nilizaliwa sijakulaka peke yangu."

Nami ni mtoto wa Lubondja, ningepaswa kujua. Kwetu kila mke hupeleka sahani yake lubunga, kile kibanda kisicho na kuta ambamo wanaume wa kijiji hula pamoja, na mtu akipita njiani huitwa. Nilikuwa nimemheshimu baba mpaka nikamfungia ndani.

Akaomba miti minne. Dany na wenzake wakachimba mashimo uani, Roger akatoa mabati chakavu. Adhuhuri nikapeleka sahani yangu, Dany akaleta ndakala, mwingine akaleta mkate mmoja na maneno mengi. Jirani yangu Pulchérie alichungulia juu ya ua wa matete akaniuliza kama nimefungua restora, na bia inauzwa wapi. Siku chache baadaye alianza kumtuma mume wake na sahani. Alisema mzee naye amsaidie kusikiliza hadithi za bwana yule, yeye ameshazichoka. Baba akanenepa. Hata Roger akawa anafunga kazi mchana na kuja kula nyumbani, jambo ambalo sikuwahi kulipata tangu tuoane.

Fabien alifika adhuhuri moja, kibanda kimejaa. Alisalimia kwa haraka. Akasema paa jipya liko tayari, na lubunga ya kweli iko Lubondja, hii ni bati tu. Kisha akasema mama analala peke yake kule.

Nikajua nimeshindwa.

Baba alinawa mikono polepole.

"Mama yenu, najua kwenye alilala. Nitakuwa naenda kumusalimia. Lakini kule, nikikosa siku moja, lubunga inajaa tu. Huku nikienda, hawa batoto batarudia kukula kila mutu upande wake, kama mbuzi."

"Mbuzi ni nani, mzee?" Dany akauliza.

"Ni we. Sogea, kaka yako aikale hapa chini. Bugali inapoa."

Dany akasogea. Fabien akaketi, akamega tonge, akatafuna, akasema unga wetu wa mjini hauna ladha. Tangu hapo alitutumia unga wa mihogo yake mwenyewe, na kila mfuko ulikuja na malalamiko mapya.

Nilishinda, lakini sikumpata baba peke yangu. Miaka yote aliyokaa nasi, mpaka tulipompeleka kulala kando ya mama, nilimsikia zaidi ya nilivyomwona. Sauti yake ilipita kwenye dirisha la jikoni, akiwaita wapita njia kwa majina yao, na wale asiowajua akiwaita "mutoto yangu".