Ng'ombe Waliofika Ilula Bila Sauti

Baba mkubwa Sosthenes Kalinga aliniambia kwenye simu kwamba ng'ombe asiowaona hawapokei, kisha akakata. Ndiye aliyenilea tangu baba yangu afariki, ni mzee wa kanisa pale Ilula, na akishasema amesema. Nyonga yake ilikuwa imevunjika kwa ajali ya pikipiki. Kwa hiyo safari ya Madibira, kwenda kusimama mlangoni mwa zizi la wakwe na kukagua ng'ombe wa mahari mmoja mmoja kama desturi ya Wasukuma inavyotaka, hakuiweza. Kutuma watu hakutaka. Miaka miwili nyuma aliwatuma kwa ajili ya dada yangu Helena, wakaonyeshwa zizi limejaa, kumbe nusu ni ng'ombe wa jirani walioazimwa siku ile tu. Tangu hapo hamwamini mfugaji yeyote. Na mimi, Veronika, mwalimu mzima wa sekondari kule Madibira, nikampenda mtoto wa mfugaji. Nilijipalia makaa mwenyewe.

Wazo la slaidi lilikuwa langu. Mchumba wangu Shadrack alipiga picha ng'ombe wote ishirini, nami nikazipanga kwenye kompyuta ya shule, slaidi moja ng'ombe mmoja. Baba yake, mzee Nkuba, tulimrekodi kwa simu akieleza habari za kila mmoja. Ukibonyeza picha, mzee anaongea. Siku nilipojaribu mara ya kwanza, ng'ombe mwekundu alijaa kwenye kioo, sauti nzito ya mzee ikatoka pembeni yake, mwili wote ukanisisimka.

Ofisi ya usharika wa baba mkubwa ilikuwa na projekta. Lakini kompyuta yake ilikuwa ya zamani, na katibu alikuwa ameziba matundu yote ya flashi kwa gundi baada ya virusi kumlia orodha ya waumini. Ilipokea CD tu. Mwaka huo wa 2012 CD tupu bado zilipatikana kirahisi, nikanunua moja Chimala, nikaichoma shuleni. Nikaitoa, nikairudisha kwenye kompyuta ileile, nikafungua. Picha zipo. Sauti zipo.

"Umejaribu kwenye kompyuta nyingine?" Shadrack akaniuliza.

"Shadrack, haya mambo mimi nayafundisha. Wewe angalia ng'ombe."

Akaitikia kwa kichwa tu. Ana tabia hiyo, na huwa inaniudhi zaidi ya kubishana.

Jumamosi tukaenda Ilula, sisi wawili na mzee Nkuba, aliyevaa koti jeusi na kofia yake ya siku kubwa. Baba mkubwa alikuwa ameketi ofisini, kofia kichwani, magongo yake yameegemea ukuta, na shangazi Matilda pembeni yake. Mzee Nkuba akasalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," baba mkubwa akajibu kwa Kihehe, "Kamwene," na hapo salamu zikaishia. Kwa kawaida binti hakai chumbani mahari yake ikizungumzwa, ila hakuna mwingine aliyejua kubonyeza. Shangazi Matilda akanifunika khanga kichwani.

"Ionekane kama hupo," akasema.

Nikawasha. Ng'ombe mwekundu akatokea ukutani, mkubwa kuliko mlango, pembe zake zikigusa dari.

"Yesu wangu!" shangazi akaruka na kiti chake.

Mzee Nkuba alisimama, akausogelea ukuta taratibu, akaweka kiganja kwenye paji la yule ng'ombe. "Gete, kweli wamefika Ilula na miguu wameiacha nyumbani," akasema kwa sauti ndogo. Nilijisikia fahari, sitaficha.

Nikabonyeza ili aongee. Kimya. Nikabonyeza tena. Nikaenda ng'ombe wa pili, wa tatu. Kimya. Hapo ndipo nilipoelewa, na jasho likanitoka chini ya khanga. Nilikuwa nimechoma slaidi peke yake. Sauti zilikuwa kwenye folda nyingine, na folda ilibaki Madibira. Nilipojaribu kule, kompyuta ilikuwa inazichota tumboni mwake yenyewe, mimi nikadhani zinatoka kwenye CD. Kosa ninalowakataza wanafunzi kila muhula.

"Ndiyo hiyo?" baba mkubwa akauliza. "Ng'ombe wa picha hata kwenye kalenda wapo."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Sauti yangu imebaki nyumbani?" mzee Nkuba akaniuliza.

"Ndiyo, baba. Nisamehe. Kosa ni langu."

"Sasa unalia nini? Si mimi mwenyewe nipo?" Akageukia ukuta. "Rudisha yule wa kwanza."

Akaanza. Huyu anaitwa Nzala, alizaliwa mwaka wa njaa. Mama yake alikuwa mweupe mwenye baka shingoni, bibi yake alitembea kutoka Shinyanga hadi Usangu akiwa na ndama tumboni, na mama wa bibi yake alitolewa kwa mahari ya mke wa marehemu kaka wa mzee mwenyewe. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, hivyo hivyo. Hakushika karatasi, hakusita, hakukosea. Ng'ombe aliyeumwa na nyoka akapona, aliyevuka mto akiwa na siku mbili, wote aliwataja na mama zao na mama za mama zao. Tulipomrekodi kwenye simu alikuwa amesema maneno machache tu. Sikujua kama kichwa cha mtu mmoja kinaweza kubeba vizazi vyote hivyo. Shangazi Matilda alishika mdomo. Niliogopa, kama ninavyoogopa kanisani wimbo ukikolea.

Nikaleta wa kumi na mbili, jike mweusi mwenye nyota usoni. Mzee Nkuba akatikisa kichwa.

"Huyu msimhesabu," akasema. "Amekufa jana. Wamebaki kumi na tisa."

Shadrack aligeuka kumtazama baba yake. Hata yeye, anayeishi Chimala, hakuwa na habari. Pale chumbani hakuna ambaye angejua. Nami nilikumbuka maneno yaliyobaki Madibira kwenye slaidi hiyo: huyu mzima, ana mimba ya miezi mitano. CD ingesema hivyo mbele ya wote, kwa sauti ya mzee mwenyewe.

"Wa ishirini nitamtafuta," mzee Nkuba akaendelea. "Lakini leo sina."

Baba mkubwa akavuta magongo yake. Nikajua ndiyo basi, anaondoka. Shangazi akainuka kumsaidia, akamkatalia kwa mkono. Akatembea polepole, akiuma meno kwa maumivu, akapita mlango, akaenda kusimama ukutani bega kwa bega na mzee Nkuba. Wote wawili wakamtazama yule jike mweusi. Kisha baba mkubwa akavua kofia yake.

"Pole sana, mkwe," akasema. "Tuambie na habari zake. Alikuwa mtoto wa nani?"

Nikaondoa mkono kwenye kipanya, nisije nikabonyeza nikamwondoa ukutani.